Uzi wa Bei Nafuu Madhabahuni

Gitaa la umeme limekwisha kuwa chombo cha ibada katika makanisa ya Kagera, kama zilivyo ngoma na kayamba. Kuanzia Nyarubungo, upande wa Biharamulo, hadi makanisa ya Ngara yaliyo jirani na mipaka ya Rwanda na Burundi, kwaya inayoimba kwa solo, rizimu na besi haimshangazi mtu tena. Pamoja na chombo hicho limekuja swali ambalo kwa nje linaonekana kuwa la mhazini tu: uzi ukikatika, au seti nzima ikichakaa, kwaya inunue nyuzi za bei gani? Wapo wanaosema anayepigiwa gitaa hilo ni Mungu, na Mungu hapewi cha rahisi. Wapo wanaosema Mungu hatazami nyuzi bali moyo, kwa hiyo chochote kinachotoa mlio kinatosha. Ninaona pande zote mbili zinakosea. Wa kwanza wanaipima sadaka kwa bei. Wa pili wanaifutia sadaka kipimo chochote. Sadaka ina kipimo, lakini kipimo hicho ni ukamilifu wa kitu katika ngazi ambayo mtoaji anaiweza. Uzi wa bei nafuu uliochaguliwa kwa maarifa na kutunzwa ni sadaka kamili. Uzi huohuo ukichaguliwa kwa kutojali ni dharau, hata kama shilingi zilizotumika ni zilezile.

Jambo hili si dogo, kwa sababu fedha ya kwaya inajulikana inakotoka. Gregory Barz, mtafiti wa muziki kutoka Marekani aliyechapisha mwaka 2003 kitabu kiitwacho Performing Religion kuhusu kwaya za Tanzania, alionyesha kwamba kwaya kwetu haiishii kwenye kuimba. Ni jamii ndogo yenye viongozi wake, inayochangiana, inayowatazama wagonjwa wake na kusimama na wafiwa wake. Aliyelelewa karibu na kanisa la kijijini hahitaji kushawishiwa juu ya hilo. Maana yake ni kwamba mfuko unaonunua nyuzi ndio huohuo unaochangia jeneza, na ndio unaomfikia mwanakwaya aliyelazwa hospitalini. Katika wilaya za Biharamulo na Ngara wachangiaji wengi ni wakulima wa mahindi, maharage, ndizi na kahawa, watu ambao fedha huwajia kwa msimu na kuondoka upesi. Shilingi iliyoongezwa kwenye nyuzi imepungua mahali pengine, na shilingi iliyobanwa kwenye nyuzi kwa ujinga itarudi kudaiwa mara mbili. Ndiyo sababu uchaguzi huu ni wa kimaadili kabla haujawa wa kifundi, na unastahili kujibiwa kwa Maandiko na kwa akili, si kwa mazoea.

Tuanze na Torati, maana ni vigumu kupata mahali pengine Biblia inapoeleza daraja za sadaka kwa undani kama pale. Sura ya 5 ya Mambo ya Walawi inamtaka mtu aliyetenda makosa fulani alete kondoo jike au mbuzi jike. Kisha inaongeza jambo ambalo wahubiri wa “kilicho bora” hulipita haraka: asiyeweza kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata ndege hao alete sehemu ya kumi ya efa ya unga. Kosa ni moja, bei ni tatu, na msamaha ni uleule. Sura ya 12 inarudia utaratibu kama huo kwa mama aliyejifungua, na Injili ya Luka, katika sura ya 2, inaonyesha kwamba Maria na Yosefu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, yaani ile ya watu wasioweza mwanakondoo. Kama bei ingekuwa kipimo cha heshima, tungelazimika kusema kwamba siku ile Mungu aliheshimiwa nusunusu, na hakuna Mkristo atakayethubutu kusema hivyo. Lakini tuisome tena ile ngazi ya chini kabisa. Torati haikuridhika na unga wowote. Ilitaka unga laini ulio mzuri. Bei ilishuka mpaka mwisho wa ngazi, ubora haukushuka nayo. Maskini aliruhusiwa kuleta unga badala ya kondoo. Hakuruhusiwa kuleta pumba badala ya unga.

Nabii Malaki analisema jambo hilohilo kwa ukali. Katika sura yake ya kwanza anawakemea makuhani wanaopeleka madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, na anawaambia wajaribu kumpelekea liwali wao mnyama wa namna hiyo waone kama atawapokea. Sura hiyo inamalizika kwa kumlaani mtu mwenye dume zima kundini, aliyeliwekea nadhiri, kisha akamchinjia Bwana mnyama mwenye kasoro. Malaki hamlaumu mwenye kundi dogo. Anayemlaumu ni yule ambaye kati ya anachoweza na anachotoa kuna pengo, naye analijua pengo hilo. Aristotle, aliyeandika huko Ugiriki bila kuijua madhabahu ya Yerusalemu, alifika karibu na hapo katika kitabu cha nne cha Maadili yake kwa Nikomako: ukarimu haupimwi kwa wingi wa kinachotolewa bali kwa uwiano wake na mali ya mtoaji, hata anayetoa kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko anayetoa kingi. Tofauti ni kwamba Torati inaongeza sharti ambalo mwanafalsafa hakulikazia pale: hata hicho kidogo kiwe kizuri katika aina yake.

Sasa tuutazame uzi wenyewe kwa karibu, kwa sababu bila kujua unavyofanya kazi hatuwezi kutofautisha unga na pumba. Gitaa la umeme kwa kawaida lina nyuzi sita. Kwenye seti nyingi, tatu nyembamba ni waya mtupu wa chuma, na tatu nene zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine kwa kubana, mara nyingi chuma kilichopakwa nikeli. Chini yake, kwenye mwili wa gitaa, kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huamsha umeme mdogo ndani ya waya huo, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Kutokana na hilo, sharti la kwanza la uzi ni kuhisiwa na sumaku. Nyuzi za gitaa kavu zilizozungushiwa shaba nyeusi huuzwa kwenye maduka yaleyale na hufungwa bila shida kwenye gitaa la umeme, lakini shaba hiyo haivutwi na sumaku, kwa hiyo nyuzi nene hufifia huku zile nyembamba zikipiga kelele. Mhazini anayenunua seti hiyo kwa sababu ni rahisi amenunua pumba. Angeinunua kwa bei ya juu, bado ingekuwa pumba.

Sharti la pili ni unene. Wapigaji wengi hutumia seti ambayo uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.009 au 0.010. Seti ya kawaida inayoanzia 0.010 na kuishia 0.046, ikishakazwa ipasavyo, huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40. Anayebadili unene bila kujua hubadili mvuto huo, shingo ikapinda au ikanyooka kupita kiasi, na gitaa likaanza kusumbua kwa sababu ambayo mwenyewe haijui. Sharti la tatu ni uhai wa uzi. Jasho la vidole lina chumvi, na hewa ya masika ina unyevu. Kutu huanza kama madoa madogo ya kahawia yanayokwaruza ncha za vidole. Uchafu hujaa kati ya mizunguko ya waya kwenye nyuzi nene. Na pale uzi unapogandamizwa kwenye freti siku baada ya siku hutokea vibonyeo vidogo bapa unavyoweza kuvihisi kwa kupitisha ukucha kwa chini. Uzi uliofika hapo hauna tena uzito ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipigwa wazi utakubaliana na kinanda, ukibanwa kwenye freti ya 12 utakana. Mpigaji anatyuni, mashine ya kutyuni inamwambia yuko sawa, na bado chodi yake inaumiza masikio. Hakuna uzi wa chuma, wa bei yoyote, usiofika hatua hiyo usipotunzwa.

Mtu akiyajua hayo matatu, bei inarudi mahali pake. Majina makubwa ya Marekani, kama D'Addario na Ernie Ball, yana sifa ya seti zinazofanana toka moja hadi nyingine, na zipo nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia jasho ambazo hudumu zaidi kwa bei ya juu zaidi. Seti za kampuni za China kama Alice hupatikana kwa bei nafuu, na kwa sharti la sumaku na la unene zinaweza kutimiza kazi ileile. Swali la haki halihusu bei ya seti peke yake. Linahusu ni Jumapili ngapi itaimba sawasawa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, seti moja ni shilingi 12,000 na inadumu Jumapili nne, nyingine ni 30,000 na inadumu nane. Ya kwanza inagharimu 3,000 kwa Jumapili, ya pili 3,750. Mpigaji akizifuta nyuzi za seti ya kwanza kwa kitambaa kikavu kila anapomaliza, zikafika Jumapili sita, gharama inashuka hadi 2,000. Lakini seti ya kwanza ikiwa mbovu kiasi cha kufa baada ya Jumapili mbili, imekuwa 6,000, na wale wanaosema rahisi ni ghali wameshinda. Kuna pia akiba ambayo kwaya nyingi haziiwazi: nyuzi nyembamba ndizo hukatika mara nyingi, na zinaweza kununuliwa moja moja. Kuweka akiba ya uzi wa kwanza na wa pili kunaiokoa kwaya na kununua seti nzima kwa ajili ya uzi mmoja. Hiyo yote ni kazi ya akili na mkono, na Zaburi ya 33 inapowataka wapigaji wapige kwa ustadi ndiko inakoelekeza. Haikutaja bei ya kinubi.

Historia ya muziki nayo inaunga mkono kwamba unafuu si adui wa ubora. Miaka ya 1950 nyuzi nene za gitaa la umeme zilizungushiwa nikeli safi. Nikeli ilipozidi kuwa ghali, watengenezaji wakahamia kwenye chuma kilichopakwa nikeli kwa juu tu, na kufikia miaka ya 1970 hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida. Mlio wake mkali ukawa ndio watu wanaoutambua kama mlio wa gitaa la umeme. Kilichoanza kama kubana matumizi kikawa kipimo. James Burton, mpigaji wa Louisiana, alipotaka nyuzi laini zinazopindika katika miaka hiyo ya 1950, alifunga nyuzi za banjo kwenye gitaa lake kwa sababu zilifaa. Huku kwetu Afrika, Franco Luambo alianza utotoni, huko Kinshasa, na gitaa la kujitengenezea ambalo nyuzi zake zilikuwa waya za umeme zilizovuliwa maganda. Wapigaji wa Kongo walibuni pia mtindo wa kuondoa uzi mnene wa nne na kuweka uzi mwembamba uliokazwa oktava moja juu, na kutoka hapo zikapatikana zile sauti nyepesi zinazozunguka ambazo kwaya za Kanda ya Ziwa zimezirithi bila kuuliza zimetoka wapi. Na hapa Kagera, kabla ya umeme, Wahaya walikuwa na enanga, ambayo jirani zetu wa Rwanda na Burundi huiita inanga, iliyofungwa nyuzi za kano za ng'ombe. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuzichunguza tenzi za mashujaa zilizoimbwa juu ya ala hiyo. Kano ilikuwa sehemu ya mnyama ambayo asiye na ujuzi angeweza kuitupa, na aliyeisafisha, akaisokota na kuikausha alipata kitu kilichoweza kupigwa mbele ya mfalme.

Pingamizi la kwanza, na zito, linatoka kwa Daudi. Katika 2 Samweli sura ya 24, Arauna Myebusi anataka kumpa kiwanja cha kupuria na ng'ombe bila malipo ili atoe sadaka, naye anakataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, analipa shekeli 50 za fedha. Je, anayechagua uzi wa bei nafuu hafanyi kinyume cha Daudi? Hafanyi. Daudi alikataa cha bure. Hakukataa cha bei nafuu, wala hatuambiwi kwamba alitafuta kiwanja cha ghali kuliko vyote Yerusalemu. Alilipa bei inayostahili kwa kiwanja kilichofaa. Zaidi ya hapo, aliyelipa ni yeye. Hatusomi kwamba alipitisha mchango nyumba kwa nyumba ili sadaka yake ionekane kubwa. Kiongozi anayelisimamisha kanisa zima lichangie nyuzi za ghali ili kwaya yake isipitwe na kwaya ya jirani anamtaja Daudi, lakini anafanya kile ambacho Daudi alikikataa, maana anatoa kitu kinachomgharimu mwingine. Na gharama ina sura nyingi. Anayefuta nyuzi kila baada ya ibada, anayetyuni mapema kabla waumini hawajaingia, anayejifunza kwa nini chodi yake haikubaliani na kinanda, huyo analipa kwa sarafu ambayo hakuna tajiri anayeweza kumlipia.

Pingamizi la pili ni la marhamu ya nardo. Katika Yohana sura ya 12, Maria wa Bethania anammiminia Yesu manukato yenye thamani ya dinari 300, na kwa kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa wa kibarua, hiyo ni karibu mshahara wa mwaka mzima. Anayelalamika na kutaja maskini ni Yuda Iskariote, naye ndiye anayenyamazishwa. Je, hoja ya kutetea unafuu kwa ajili ya maskini si hoja ya Yuda? Ingekuwa hivyo kama ningesema kwamba sadaka ya ghali ni dhambi, na sisemi hivyo. Mwanakwaya aliyebarikiwa akileta kwa fedha yake mwenyewe seti ya nyuzi bora kuliko zote, ipokelewe kwa furaha, na mtu yeyote asimkadirie. Lakini nardo ile ilikuwa ya Maria, na ilimwagwa kwa hiari. Haiwezi kugeuzwa kuwa kanuni ya kamati inayotumia fedha za wengine. Tena Injili ya Marko, kabla tu ya kumwonyesha mjane aliyetoa senti zake mbili katika sura ya 12, inawataja kwa lawama viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Msomaji asome habari hizo mbili pamoja. Sadaka ya mjane inasifiwa. Utaratibu unaomwacha mjane bila kitu hausifiwi. Mhazini anayekumbuka ni mkono wa nani uliotia shilingi kwenye kapu, na kwa hiyo akatafuta uzi unaofaa kwa bei ndogo, hafanani na Yuda. Yuda, Yohana anatuambia, hakuwajali maskini.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili, nalo linapendwa zaidi kwa sababu halidai kazi yoyote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi Mungu aliyemwambia Samweli kwamba yeye hutazama moyo atapokea hata uzi wenye kutu. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inamkataza mtu kuusingizia utajiri. Haimruhusu kuusingizia moyo. Moyo unaomheshimu mgeni huonekana kwenye sahani iliyooshwa hata kama ndani yake kuna mhogo. Tena gitaa la kanisani halimlilii Mungu peke yake; linawaongoza watu waimbe. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 14, anatoa mfano wa filimbi na kinubi visivyotofautisha sauti zake, na wa tarumbeta inayotoa sauti isiyoeleweka hata askari asijue kujiandaa kwa vita. Kipimo chake pale ni jirani: je, mwenzako amejengwa? Solo iliyopishana na kinanda humtoa mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye mstari wake, humfanya mzee aliyekuja kusali akunje uso, na huwafundisha vijana kwamba mambo ya Mungu yanaweza kufanywa vyovyote. Mungu anaweza kuvumilia kutu. Swali ni kwa nini jirani avumilishwe kutu ambayo kitambaa kikavu kingeizuia.

Wengine watauliza kwa nini tusiliache gitaa kabisa. Makanisa ya Kiorthodoksi kwa kawaida huimba bila ala, na yapo madhehebu mengine yanayofanya hivyo kwa imani thabiti. Njia hiyo ina heshima yake, na kwaya isiyoweza kumudu chombo chochote haijapungukiwa mbele za Mungu. Lakini waliochagua gitaa wamechagua pamoja nalo wajibu wa kulitunza, na kuwepo kwa njia nyingine hakuwaondolei wajibu huo.

Liko jambo moja linalofanya swali hili liwe la Ngara na Biharamulo kuliko mahali pengine. Ile nikeli inayopakwa kwenye nyuzi nene za gitaa imelala kwa wingi chini ya ardhi ya Ngara. Hazina ya Kabanga iligunduliwa katika miaka ya 1970 na inatajwa miongoni mwa hazina kubwa na zenye nikeli nyingi zaidi duniani ambazo hazijaendelezwa. Januari 2021 serikali ya Tanzania ilisaini makubaliano yaliyoanzisha kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Watanzania, kupitia serikali yao, wana asilimia 16 ya hisa. Kwa hiyo kijana wa kwaya anayehesabu sarafu ili anunue uzi uliotoka ng'ambo huenda anakanyaga madini ya aina ileile iliyoufunika uzi huo. Hili linatufundisha kwamba bei haitangazi thamani ya kitu mbele za Mungu. Inatangaza ni nani alikichimba, nani alikisafirisha, nani alikiwekea jina lake, na nani aliachwa nje ya mgawo. Anayeipima sadaka kwa bei anaipima, pasipo kujua, kwa mizani ya soko ambalo halikumshirikisha.

Hapo linazuka pingamizi la mwisho, ambalo ninaliheshimu kuliko yote: je, cha bei nafuu hakiwezi kuwa nafuu kwa sababu kuna mtu aliyepunjwa? Kinaweza. Na cha ghali pia kinaweza, kwa kuwa bei ya juu huweza kwenda kwenye jina na tangazo bila kumfikia mchimbaji wala mfanyakazi wa kiwandani. Kwaya ya kijijini haina namna ya kuifuatilia kila seti hadi ilikotoka, na hakuna anayehukumiwa kwa asichoweza kujua. Ila kuna anachoweza kujua. Nabii Amosi, katika sura ya 5, anasema Mungu amezikataa nyimbo na vinanda vya watu waliokanyaga haki, na hatusomi kwamba vinanda vile vilikuwa vibovu au vya rahisi. Kanisa linaloimba Ngara haliwezi kujitia upofu kuhusu kaya zinazopisha mgodi, fidia zao, na mashamba wanayoyaacha. Likisimama na watu hao, uzi wake wa bei nafuu utasikika. Likinyamaza, hakuna uzi wa nikeli safi utakaoliokoa.

Basi jibu kwa mhazini na mwalimu wa kwaya linaweza kusemwa wazi. Nunueni nyuzi ambazo sumaku inazihisi, zenye unene unaolifaa gitaa lenu, kwa bei ambayo haimnyang'anyi mfiwa mchango wake. Andikeni tarehe mlipozifunga, ili mjue kwa ushahidi zinadumu Jumapili ngapi, na mbadilishe chaguo lenu ushahidi ukidai hivyo. Zifuteni. Zibadilisheni zinapokufa, hata kama hazijakatika, kwa sababu uzi uliokufa ndio mnyama kipofu wa Malaki kwenye kundi lenye dume zima. Mtu akiwaletea nyuzi bora kwa hiari yake, mshukuruni na mzitunze kwa bidii ileile. Kwaya inayofanya hivyo haina sababu ya kuona haya mbele ya kwaya ya mjini yenye vyombo vya mamilioni, maana imetimiza kile ambacho Torati ilimdai mtu mwenye unga: imeleta kidogo, na kidogo hicho ni kizuri. Kwaya ya mjini nayo inadaiwa hivyohivyo katika ngazi yake, na bei ya vyombo vyake haitaijibia.